TUKIHAMA TUTAACHA NINI? HASARA ZA KUBADILISHA MFUMO ENDESHI

Awali ya yote nakishukuru chama chetu cha Kiswahili kwa kunipa nafasi katika jarida hili kwa mara ya pili. Mara ya kwanza nilileta shairi. Mara hii nimepewa jukumu la somo, nami nitajaribu kulieleza kadiri ya uwezo wangu.

Somo lenyewe lilizaliwa katika mjadala wetu wa Ijumaa. Hoja ilikuwa: "Tarakilishi zote za shule zihamishwe kutoka Windows hadi Linux." Mimi nilikuwa upande wa kuunga mkono, na tulishinda kwa kura nyingi. Tulisema Linux ni ya bure, haisumbuliwi sana na virusi, na mashini kuukuu huiweza. Watu wakapiga makofi. Mwalimu mlezi wa chama hakupiga. Aliniita kando akaniambia, "Umesema faida zote na sijasikia hasara hata moja. Nenda ukaandike hasara. Faida zitajitetea zenyewe."

Nilicheka, lakini moyoni nilijua ananisema. Hasara nilikuwa nazijua vizuri kuliko mtu yeyote ukumbini. Nilizificha kwa sababu ziliniaibisha. Leo nazitoa.

MFUMO ENDESHI NI NINI?

Tuanze mwanzo, kwa faida ya wale wasiosoma somo la tarakilishi. Mashini ina vitu unavyoweza kuvishika: kibodi, kipanya, kioo, printa. Ina pia programu: ya kuandika barua, ya kupiga hesabu, ya kutazama picha. Katikati ya pande hizi mbili kuna programu moja kuu inayosimamia kila kitu. Hiyo ndiyo mfumo endeshi.

Mfikirie mwalimu wa zamu. Yeye hafundishi masomo yote, hapiki chakula, wala hafagii uwanja. Lakini bila yeye kengele haipigwi, madarasa mawili yanagombania chumba kimoja, na mgeni akifika langoni hajui amwone nani. Mfumo endeshi hufanya kazi hiyohiyo. Huipa kila programu zamu yake na nafasi yake katika kumbukumbu, hujua kila faili imewekwa wapi, na huzungumza na vifaa kama printa kupitia programu ndogo ambazo mafundi huziita draiva.

Mifumo ni mingi. Windows ni ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Finland, akiwa na umri wa miaka 21. Msimbo wake uko wazi: mtu yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Ndiyo maana Linux ina matawi mengi. Tawi moja linaitwa Ubuntu. Lilitolewa mara ya kwanza mwaka 2004, na mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth, ni mzaliwa wa Afrika Kusini. Mpenzi wa Kiswahili, litazame jina hilo vizuri. Ubuntu ni neno la lugha za Wanguni, na ndugu yake kwetu ni UTU. Tawi jingine ni Linux Mint, ambalo watu wengi waliozoea Windows hulipenda kwa sababu sura yake haiwatishi.

Sasa shika jambo hili moja, maana ndilo mzizi wa somo zima: programu huandikwa kwa ajili ya mfumo fulani. Iliyoandikiwa Windows haielewi amri za Linux, kama vile mwanafunzi wa shule nyingine asivyojua kengele zetu. Kwa hiyo anayebadilisha mfumo habadilishi kitu kimoja. Anabadilisha mwalimu wa zamu, na kila kitu kilichomzoea yule wa kwanza kinatikisika.

KWA NINI TUNAZUNGUMZIA KUHAMA?

Windows 10 ilitolewa tarehe 29 Julai 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia bure. Mashini haikuzimika siku hiyo. Ilichokosa ni marekebisho ya kila mwezi yanayoziba mianya ya wezi na virusi. Mtu akiambiwa ahamie Windows 11, anakuta masharti: angalau GB 4 za kumbukumbu, GB 64 za hifadhi, kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa iliyo katika orodha ya Microsoft. Kwa upande wa Intel, orodha hiyo huanzia takriban kizazi cha nane. Maabara yetu ina tarakilishi 20. Tulizikagua moja moja pamoja na mwalimu wetu wa somo, tukapata 4 tu zinazokubalika. Kumi na sita zimekataliwa, ingawa zinawaka na kufanya kazi kila siku.

Hapo ndipo Linux inapoingia na kutabasamu. Na hapo ndipo mimi nilipoteleza.

YALIYONIPATA KWA MJOMBA

Mjomba wangu ana saiba karibu na stendi ya matatu. Ina mashini nne, printa moja ya zamani, na mashini ya fotokopi. Watu huja kuchapa barua za kazi, kadi za harambee, na ratiba za mazishi. Likizo ya Disemba 2025 nilikuwa nikimsaidia. Mashini ya kaunta ilikuwa ikimwonyesha kila asubuhi tangazo kwamba Windows 10 imefika mwisho.

Nikamwambia, "Mjomba, tuweke Linux. Ni bure."

"Bure kabisa, mama?" Huniita mama kwa kuwa nilipewa jina la mamake.

"Bure kabisa."

"Haya. Wewe ndiwe msomi."

Jumamosi jioni, wateja wakiisha, nikachomeka flashi na kuanza. Mashini iliniuliza kama nataka kufuta diski yote. Nilikuwa nimesoma kwamba hiyo ndiyo njia rahisi. Nikabofya ndiyo. Baada ya nusu saa hivi Linux Mint ilikuwa inang'aa kwenye kioo, nyepesi, inafunguka haraka. Nilijiona fundi.

Jumatatu asubuhi walikuja wazee wawili na mama mmoja. Walikuwa wameleta kazi yao Alhamisi: ratiba ya mazishi ya ndugu yao, kurasa nane, pamoja na historia ya maisha yake. Mjomba alikuwa ameichapa na kuisahihisha pamoja nao. Kilichobaki ni kutoa nakala 200. Mazishi yalikuwa Jumanne.

Mjomba akatafuta faili. Akatafuta tena. Akanigeukia akasema polepole, "Mama, hii mashini umeifanya nini?"

Msomaji, sina haja ya kukueleza nilivyojisikia. Faili ilikuwa imefutika pamoja na diski. Mjomba hakunigombeza mbele ya wageni. Aliwaomba radhi, akawaambia kosa ni la ofisi na kwamba hatawatoza hata senti. Mama yule akaketi tena kwenye kiti, akaanza kutusimulia upya maisha ya kakake tangu kuzaliwa, nami nikiandika. Mara mbili alinyamaza akashindwa kuendelea. Alikuwa ameshayasema hayo yote Alhamisi. Mimi ndiye niliyemlazimisha kuyasema tena.

Tulipomaliza, printa ikakataa. Linux haikuitambua. Ikabidi mjomba abebe flashi hadi kwa jirani na kulipia nakala zote 200 kutoka mfukoni mwake. Tulitoka saa nne usiku. Njiani alisema neno moja tu: "Bure ni bure mpaka uhesabu."

Ijumaa yake fundi aliirudisha Windows kwa shilingi 1,000.

Nilipotulia nilijiuliza: kosa lilikuwa la nani? Ni haki tupambanue. Kufuta diski bila kunakili faili ni kosa langu mwenyewe, wala si la Linux. Ningefanya vivyo hivyo kwa Windows 11 ningeumia vilevile. Lakini printa kukataa, na mambo mengine nitakayoyataja, hayo ni hasara za kuhama kwenyewe, hata kwa mtu mwangalifu. Tuyapange.

HASARA ZA KUHAMA

Kwanza, kuna programu zisizovuka. Mjomba alitengeneza kadi na ratiba zake kwa Microsoft Publisher. Publisher haina toleo la Linux. Baadaye tulipata kadi moja ya harambee katika flashi ya zamani, nikaifungua kwa LibreOffice, programu ya bure ya ofisi. Ilifunguka, lakini maneno yalikuwa yamepanda juu ya picha na jina la mgeni wa heshima limekatika katikati. Shuleni hali ni nzito zaidi. Wengi wetu tumejifunza hifadhidata kwa Microsoft Access. LibreOffice ina programu yake ya hifadhidata iitwayo Base, na ni nzuri, lakini fomu na ripoti zilizojengwa ndani ya Access hazihamii huko. Unazijenga upya. Kuna daraja liitwalo Wine linalojaribu kuvusha programu za Windows hadi Linux. Huvusha nyingi, ila si zote, na huwezi kujua mpaka ujaribu.

Pili, kazi za zamani hubadilika sura. Hasara hii inakihusu chama chetu moja kwa moja. Tulipofungua jarida la mwaka jana katika Linux, insha zilikuwa sawa. Mashairi ndiyo yaliyoumia. Mishororo iliyokuwa na ukwapi na utao katika safu mbili zilizonyooka ilipinda kama njia ya ng'ombe, na mahali pengine neno la mwisho la utao liliangukia mstari wa chini, kina kikabaki peke yake kama yatima. Tulitafuta sababu tukapata mbili. Ya kwanza, tulitumia mwandiko uitwao Calibri, ambao ni wa Microsoft na Linux haiji nao. Ukikosekana, mwandiko mwingine wenye herufi za upana tofauti huchukua nafasi yake. Dawa yake ni kuweka mwandiko wa bure uitwao Carlito, uliotengenezwa makusudi herufi zake zilingane kwa upana na za Calibri. Sababu ya pili ilikuwa yetu wenyewe: tulipanga safu kwa kubofya nafasi tupu mara nyingi badala ya kutumia jedwali. Kuhama kulifichua uvivu wetu.

Tatu, kuna vifaa visivyotambuliwa. Printa nyingi hufanya kazi vizuri katika Linux, nyingine bila hata kuweka draiva. Lakini printa kuukuu ambayo mtengenezaji wake hakuiandikia draiva ya Linux inaweza kukusumbua wiki nzima. Na katika mtihani wa vitendo wa somo la tarakilishi wa KCSE, mtahiniwa hutakiwa kuchapisha kazi yake. Hapo printa si pambo, ni sehemu ya mtihani.

Nne, kuna muda wa mikono. Mkono una kumbukumbu yake. Anayejua palipo kila kitufe hafikirii, anabofya tu. Mbadilishie mahali pa vitufe, na mtu hodari anageuka kuwa mgeni. Mtihani huo wa vitendo huchukua saa mbili na nusu. Dakika kumi za kutafuta kitufe ni dakika kumi zilizoibwa kutoka kwa jibu. Na tusisahau walimu wetu. Wamekusanya maelezo na mazoezi kwa miaka mingi, yote yakiwa na picha za Windows. Nani atayaandika upya, na kwa muda gani?

Tano, fundi ni adimu. Windows ikikwama, mjini kwetu kuna mafundi watano kabla hujafika sokoni. Nilipokwama na printa ya mjomba niliuliza watatu. Wawili walisema, "Hiyo Linux hatuijui," na wa tatu akasema, "Toa hiyo kitu, nikuwekee Windows." Majibu ya matatizo ya Linux ni mengi sana katika intaneti, lakini mengi ni ya Kiingereza cha kitaalamu, na lazima mashini nyingine iwe nzima ndipo uyasome. Juhudi za Kiswahili zimekuwepo. Mwaka 2004 wataalamu wa mradi uliokuwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, menyu ya Kiswahili haikuletei fundi mlangoni.

Sita, kurudi nako kuna gharama. Watu husema, "Tukikataa tutarudi." Aliyehama amebadilisha faili zake, amepoteza baadhi, na mikono yake imeanza kuzoea pengine. Akirudi analipa tena nauli ileile.

NA KUBAKI JE?

Msinielewe vibaya. Anayeorodhesha hasara za kuhama tu bila kutaja za kubaki ni mwongo nusu, kama nilivyokuwa mimi kwenye mjadala upande ule mwingine. Kubaki na Windows 10 isiyopata marekebisho ni kulala mlango wazi. Labda hutaibiwa leo. Flashi zinazotoka saiba hadi shuleni na kurudi nyumbani ndizo matatu ya virusi, na sisi wanafunzi wa kutwa ndio abiria.

Kununua mashini mpya 16 ni ghali kwa shule kama yetu. Lakini kuna njia ya tatu ambayo kwenye mjadala hakuna aliyeitaja. Microsoft ilizipa taasisi za elimu nafasi ya kununua marekebisho ya ziada ya Windows 10 kwa miaka 3: dola 1 kwa kila mashini mwaka wa kwanza, dola 2 mwaka wa pili, na dola 4 mwaka wa tatu. Jumla ni dola 7. Kwa mashini 16 ni dola 112 kwa miaka yote mitatu. Tukikadiria dola kuwa shilingi 130, hiyo ni kama shilingi 14,560. Miaka hiyo huisha Oktoba 2028.

Na sisi kidato cha tatu wa mwaka huu wa 2026 ndio wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4. Tuliingia kidato cha kwanza mwaka 2024, na tutafanya KCSE mwaka 2027. Waliotufuata waliingia Gredi ya 10 Januari 2026 kwa mtaala mpya. Kwa hiyo marekebisho ya ziada yangetufikisha salama hadi mwisho wa mtihani wetu, kisha shule ingebaki na muda wa kupanga upya bila mtahiniwa yeyote wa 8-4-4 njiani.

WALIOTANGULIA WALIFANYAJE?

Mwenda pole hajikwai, nasi tuna bahati kwamba wakubwa wametangulia.

Huko Ujerumani, baraza la jiji la Munich liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux. Kazi ilimalizika rasmi mwaka 2013, tarakilishi karibu 15,000 zikiwa zimehamishwa. Jiji lilitangaza kwamba limeokoa zaidi ya euro milioni 10. Lakini baadhi ya mashini zilibaki na Windows kwa sababu ya programu maalumu zisizovuka, na wafanyakazi walilalamika kuhusu kubadilishana nyaraka na ofisi za nje. Mwaka 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. La kushangaza ni kwamba ripoti ya washauri iliyotolewa mwaka 2016 ilisema tatizo kubwa lilikuwa jinsi idara za tarakilishi zilivyopangwa, kuliko mfumo endeshi wenyewe.

Nchini Ufaransa, askari wa Gendarmerie walipita njia nyingine. Hawakuanza na mfumo endeshi. Mwaka 2005 walianza kwa kubadilisha programu za ofisi, wakaweka OpenOffice ndani ya Windows ileile. Mwaka 2006 wakaweka Firefox kwa intaneti. Watu walipozoea programu hizo, ndipo mwaka 2008 wakaanza kuhamia Ubuntu. Siku mfumo ulipobadilika, programu walizofungua kila asubuhi zilikuwa zilezile. Wao hawakurudi.

Nako katika jimbo la Kerala, India, shule za serikali zilihamia programu huria. Lakini kule jimbo lilibadilisha vitabu, likafunza walimu, na mtihani ukafuata. Shule moja peke yake, ikikabili mtihani wa taifa, haina nguvu za jimbo zima.

Ukiyaweka matatu haya pamoja unaona jambo moja: hasara ya kuhama haikai ndani ya mashini. Inakaa katika watu na kazi zinazoitegemea mashini hiyo. Anayepima kasi na bei pekee amepima nusu ya mzigo.

USHAURI WANGU

Wahenga hawakukosea waliposema, usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mbacha nao huchakaa, na anayengoja uishe kabisa atalala chini. Kwa hiyo sikatai kuhama. Nakataa kuhama kama nilivyohama mimi. Napendekeza hivi:

1. Mashini 12 kati ya zile 16 ziachwe kama zilivyo kwa ajili ya watahiniwa, zilipiwe marekebisho ya ziada, na zisiguswe hadi KCSE ya 2027 ipite.

2. Mashini 4 zilizo dhaifu zaidi ziwekwe Linux. Chama cha Kiswahili kijitolee kuzitumia kuandaa jarida hili. Tukikwama, tutakwama sisi, si mtahiniwa.

3. LibreOffice iwekwe sasa katika mashini zote, ndani ya Windows, kando ya programu tulizozoea. Ni bure na hazigombani. Tufanye kama Wafaransa: tuzoee vyombo kabla ya kuhama nyumba.

4. Kabla ya kuweka Linux mahali popote, ijaribiwe kutoka kwenye flashi. Mint na Ubuntu huweza kuwashwa moja kwa moja kutoka flashi bila kugusa diski. Chapisha karatasi moja, fungua faili tatu za zamani, unganisha intaneti. Laiti ningefanya hivyo Jumamosi ile, dakika kumi zingetosha kunionyesha kwamba printa haitambuliki.

5. Nakili faili zote mahali pawili tofauti, kisha uzifungue kwenye mashini nyingine uhakikishe zinasomeka. Nakala ambayo hujaifungua ni tumaini tu.

6. Muulize mwenye kazi. Mimi nilimuuliza mjomba kama anataka kitu cha bure, naye akakubali. Sikumuuliza wiki hii anasubiriwa na nani. Swali hilo la pili ndilo lililokuwa na maana.

Mpenzi msomaji, ukipita saibani kwa mjomba leo utaona mashini ya kaunta ina Windows, na ile ya pembeni, ya wateja wa intaneti, ina Linux Mint. Inafanya kazi vizuri sana na hajawahi kulalamika. Aliniruhusu kuiweka mwezi wa Aprili, baada ya kunikalisha chini na kuniuliza maswali nusu saa. Nilipomaliza kujibu alisema, "Sasa umehesabu. Endelea, mama."

Kalamu naiweka chini hapa. Mwenye hoja ya kunipinga aje Ijumaa, ukumbi ni uleule. Safari hii nitasimama upande wowote mwalimu atakaonipangia.

MSAMIATI

Hifadhidata: mkusanyiko wa habari uliopangwa ili kutafutwa kwa urahisi, kama orodha ya wanafunzi na alama zao.
Msimbo: maagizo yaliyoandikwa na mtaalamu ili mashini iyafuate.
Programu huria: programu ambayo msimbo wake uko wazi na watu wanaruhusiwa kuutumia, kuubadilisha na kuugawa.
Draiva: programu ndogo inayouwezesha mfumo endeshi kuzungumza na kifaa kama printa.

ZOEZI

1. Mwandishi anatenganisha kosa lake mwenyewe na hasara za kuhama. Toa mfano mmoja wa kila upande.
2. Kwa nini mashairi yaliharibika sura lakini insha zikabaki sawa?
3. Piga hesabu: kulipia mashini 12 marekebisho ya ziada kwa miaka yote mitatu kungegharimu dola ngapi?
4. Gendarmerie na jiji la Munich walitofautianaje katika hatua zao za kuhama?
5. Tunga methali yako mwenyewe kuhusu mtu anayefurahia kitu cha bure bila kuhesabu. Iletwe kwa mhariri kabla ya mwisho wa muhula.